Dereva wa Ng'ambo

Kabla serikali haijaamua vinginevyo, saratani katika mji ule ilitibiwa kwa njia moja tu, na njia hiyo ilipitia mikononi mwa Breki.

Breki hakuwa daktari. Alikuwa dereva wa hospitali. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kadi ya bima; watu wote walimwita Breki, kwa sababu katika miaka yake yote ya utumishi hakuwahi kukabidhiwa gari asililalamikie breki, hata lile lililokuja jipya, viti vikiwa bado vimevikwa nailoni. Kila Jumapili asubuhi alipakia wagonjwa kwenye gari la rufaa, akaenda nao mwendo wa kutwa nzima hadi hospitali kuu, iliyokuwa na mashine pekee ya mionzi nchini. Mji uliiita safari hiyo "kwenda Ng'ambo", ingawa hapakuwa na maji ya kuvuka isipokuwa mto mmoja mwembamba wenye daraja la mashaka.

Kupata kiti kwenye gari hilo hakukuwa jambo dogo. Kwanza mgonjwa alikatwa kipande cha nyama pale palipomsumbua. Kipande kikaingia kwenye kichupa cha dawa, kichupa kikaingia kwenye kisanduku cha plastiki, na kisanduku kikasafiri chini ya kiti cha Breki, maana huku hakukuwa na mtu wa kukisoma. Majibu yalirudi baada ya miezi, kwa muda yaliojichagulia. Kisha ikaja foleni. Kisha ikaja mashine yenyewe, ambayo ilikuwa na tabia ya kuugua, na ilipougua ilitibiwa na wataalamu wa kutoka nje ya nchi, huku binadamu wakikaa kwenye mabenchi kuiombea ipone. Wengi waliopata kiti walikipata wakiwa wamechelewa. Breki aliliona hilo kwenye kioo chake cha ndani: waliokuwa wengi wakati wa kwenda, wachache wakati wa kurudi.

Alichoweza kuwapa kilikuwa mdomo wake. Ndani ya gari lile ilikuwa marufuku kuutaja ugonjwa kwa jina. Uliitwa "yule mgeni". Aliyekuwa akisafiri mara ya kwanza alikaa nyuma ya dereva, na dereva alimsimulia. Alimsimulia habari za fisi aliyelala katikati ya barabara, za mkurugenzi aliyesahauliwa msalani, za gari lililowahi kuendeshwa bila usukani. Hakunyamaza mpaka getini, na mgonjwa alishuka akiwa amechoshwa na Breki kiasi kwamba hofu haikupata nafasi. Mama mmoja alipoulizwa mionzi ikoje, alijibu, "Ni kimya, namshukuru Mungu."

Abiria wake wa muda mrefu kuliko wote alikuwa mwanamke aliyestaafu kufundisha hesabu, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu. Yeye alikuwa ameshatibiwa titi, akapona, na sasa alirudi kuangaliwa tu mara kwa mara. Alizijua hadithi zote.

"Dereva," alisema siku moja kutoka kiti cha nyuma, "hiyo ya fisi ulipoisimulia mwanzo, fisi alikuwa mmoja."

"Wamezaa, Mwalimu."

"Wamezaa usiku mmoja?"

"Ni fisi wa zamani hao. Hawakuwa na uzazi wa mpango."

Kisha ikaja sera.

Kwa kawaida sera ilifika mjini pale kwa sura ya bango. Kwenye bango kulikuwa na watu watatu wanaotabasamu. Lilitundikwa ukutani, jua likawafuta nyuso, likaja lingine. Kwa hiyo mpango wa taifa wa kupambana na saratani ulipotangazwa redioni, hakuna aliyeacha alichokuwa akikifanya. Ila huu ulikuja na mchanga. Malori yalimwaga mchanga na kokoto nyuma ya wodi ya wazazi, na mafundi wakaanza kujenga chumba chenye kuta za zege nene mno hata wakawa wanaulizana ni jambazi gani anayetarajiwa kufungwa mle. Lilikuwa jengo la mashine ya mionzi. Mpango ulisema kila kanda iwe na yake.

Na haukuishia hapo. Akaletwa daktari kijana wa kusoma vile vipande, akapewa chumba na darubini, na mlango wa chumba ukaandikwa jina la kazi yake kwa herufi ambazo hakuna aliyezisoma hadi mwisho. Bima ya afya, ambayo zamani ilikuwa ikifika kwenye saratani inaliruka neno kama mtu anayeruka dimbwi, ikaamriwa ikanyage. Madaktari bingwa wa upasuaji wakaanza kuzungushwa mikoani kwa zamu. Kila kituo cha afya kikatakiwa kuwa na chumba cha uchunguzi, mtu aangaliwe kabla hajaanza kuumwa, wazo ambalo wazee wengi waliliona kama kwenda kumgongea mwenye nyumba aliyelala ili umuulize kama amelala vizuri.

Breki aliliunga mkono jambo lote hilo hadharani. Faraghani alimwambia mkewe, "Hawa watu wameninyang'anya barabara yangu."

"Barabara yenyewe umeilaani miaka yote," alisema Mama Pacha, aliyeitwa hivyo kwa ajili ya wale pacha wao, ambao walikuwa wakubwa na wanajitegemea, au walau walikuwa wakisema hivyo. "Nywa chai."

"Ya moto."

"Chai huwa ya moto, Baba Pacha. Siku hizi unaikodolea macho kama imekukosea."

Hapo ndipo tunapofika kwenye ulimi.

Pembeni mwa ulimi wa Breki, upande wa kushoto, palikuwa na kidonda. Kilikuwa kidogo, hakikuuma sana, na hakikuondoka. Breki alikuwa mvutaji wa sigara. Alivuta barabarani ili kuufukuza usingizi, na siku zisizo za safari alivuta ili kuufukuza usingizi wa safari ijayo. Lakini yeye alililaumu jino. Jirani na kidonda palikuwa na jino lililopasuka, na mtu huyu, aliyefanya kazi katikati ya madaktari, alichukua tupa ndogo ya gereji akalisugua jino mwenyewe mbele ya kioo cha pembeni cha gari. Jino likalainika kama kokoto ya mtoni. Kidonda kikabaki, sasa bila mshtakiwa.

Tusimwite mjinga. Alichokiogopa alikijua kuliko wengi. Kila aliyeambiwa "tukate kipande tukapime" ni yeye Breki aliyempakia, na kwa hesabu yake kukatwa kipande kulikuwa mwanzo wa barabara ile ya kutwa nzima, na barabara ile ilikuwa na kwenda kwingi kuliko kurudi. Kwamba mambo yalikuwa yamebadilika nyuma ya wodi ya wazazi alikuwa akiliona kwa macho kila siku. Ila hofu yake ilikuwa ya toleo la zamani, na hakuna waraka uliotumwa kuirekebisha.

Waraka uliotumwa ulikuwa mwingine. Wizara ilielekeza kwamba vyumba vya uchunguzi vikifunguliwa, waanze kuchunguzwa wafanyakazi wa hospitali wenyewe, ili wananchi wasije wakadhani wanapelekwa mahali ambapo wenye nyumba hawaingii. Chumba cha pale kilikabidhiwa kwa muuguzi mmoja mwenye sauti ya kengele, ambaye kwa bahati ya aina yake alikuwa mdogo wake Mama Pacha, yaani shemeji wa Breki.

"Shemeji!" alimwita kutoka mwisho wa korido, wagonjwa wote wakageuka. "Mpishi keshakuja, mlinzi keshakuja, mpaka mkurugenzi keshakuja akavua soksi bila kuombwa. Umebaki wewe."

"Gari halina breki, shem. Nikirudi gereji."

"Gari halina breki tangu nikiwa sijaolewa!"

Alikwenda, hata hivyo. Tuseme ukweli wake: siku moja, mchana, akiwa peke yake garini, ulimi uliguswa na kipande cha chapati akaona nyota, na miguu ikampeleka yenyewe mpaka mlangoni pa chumba cha uchunguzi. Shemeji hakuwepo. Alikuwepo muuguzi mwingine, mgeni katika kazi ila si mgeni kwa Breki, maana hakuna aliyekuwa mgeni kwa Breki.

"Aa, Breki! Umemleta nani leo?"

"Mimi."

"Ndiyo, wewe. Umemleta nani?"

"Nimejileta."

Muuguzi akacheka mpaka akashika meza. Breki alikuwa amefanya mizaha humo ndani kwa miaka mingi kiasi kwamba hakubakiwa na sauti ya kusemea kweli. "Haya, Bwana Umejileta, kabla hujajirudisha, nisaidie kupeleka hizi pamba stoo." Akamrundikia mikononi maboksi ya pamba hadi kidevuni. Na Breki, ambaye angeweza kuyaweka chini, aliyapeleka, akayapanga vizuri, akapitia mlango wa nyuma akaenda kuosha gari. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyesamehewa. Jioni chai ilipoa tena.

Ikafika Jumapili ya safari ya mwisho. Mashine mpya ilikuwa imeshawashwa na wagonjwa wapya walikuwa wakitibiwa palepale. Walibaki watano tu walioanzia Ng'ambo, na ambao walitakiwa kwenda kufunga hesabu zao kule. Mwalimu alikuwa mmoja wao. Walikuwa uani na mabegi yao, na Breki alikuwa amefungua milango.

"Karibuni ndani, jamani. Safari ndefu."

Hakuna aliyesogea. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya begi lake katikati ya ua, mkoba magotini, kama msimamizi wa mtihani.

"Hatupandi," alisema.

"Kuna nini? Breki nimeangalia mwenyewe."

"Breki ndiyo hatujaiangalia sisi." Akamnyooshea kidole. "Safari iliyopita, dereva, hukusimulia hata hadithi moja. Tangu hapa mpaka getini. Nilikuwa nyuma yako, nikikutazama kwenye hicho kioo unachotutazamia. Ulikunywa chai shingo umeilaza upande, kama kuku anayeangalia mwewe. Ukatema kwenye leso, ukaikunja haraka."

"Jino, Mwalimu."

"Jino gani?"

"Hili… nimelipiga tupa."

Abiria wanne waliobaki walitazamana. Hawa walikuwa watu waliochomwa, waliokatwa, walioingiziwa dripu zilizowaondolea nywele mpaka nyusi, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusikia matibabu ya kutisha namna hiyo.

"Umelipiga tupa," alisema fundi seremala mmoja, mzee aliyekuwa akitibiwa tezi dume. "Na vanishi ulipaka?"

"Mzee, panda gari."

"Mimi sipandi gari la mtu aliyejisuguasugua. Mwiteni shemeji yake."

Mtu mmoja akaenda, na kabla Breki hajaamua kama ni bora kupiga kelele au kuwasha gari akaondoka bila abiria, shemeji alikuwa ameshafika na tochi yake ya kazini. Hakupiga kelele yoyote, na hilo ndilo lililomtisha Breki kuliko yote.

"Kaa kwenye kiti chako, shemeji. Geukia huku. Fungua."

"Mbele ya watu?"

"Miaka yote umeufungua mbele ya watu bila kuombwa. Fungua."

Alitazama nyuso zilizokuwa zimejaa mlangoni mwa gari. Aliwajua wote walivyokuwa siku ya kwanza, wamejikunyata nyuma ya kiti chake, naye akiwasimulia fisi. Sasa wao ndio waliosimama imara.

"Mkinikata kipande," alisema, sauti imeshuka, "ndiyo basi. Mimi najua barabara ile."

"Unajua barabara ya juzi," alisema Mwalimu. "Mimi mwenyewe majibu yangu yalikaa Ng'ambo mpaka uvimbe ukawa mkubwa wa ngumi. Nilipona kwa mabishano, siyo kwa utaratibu. Wewe utaratibu unao hapo nyuma, umejengewa na kuta, na unaukimbia na tupa mkononi. Fungua mdomo, mwanangu, usitucheleweshe."

Breki akafungua.

Shemeji aliangalia kwa muda. Seremala naye aliinama akaangalia, ingawa hakuna aliyemwalika, akasema kuwa jino kwa kweli lilikuwa limesuguliwa kwa ustadi. Shemeji akazima tochi.

"Kidogo," alisema. "Lakini leo huendeshi. Kesho unakatwa kipande, na ukinitoroka namwambia dada."

Safari ya mwisho ya Ng'ambo iliendeshwa na dereva wa mkurugenzi, ambaye hakusimulia lolote njia nzima, na abiria walisema baadaye kwamba walipofika walikuwa wameogopa kweli.

Kesho yake Breki alikatwa kipande. Ilikuwa kazi ya dakika chache na ganzi ya sindano. Daktari alipogeuka kunawa, Breki, mdomo umejaa pamba, alikichukua kichupa mezani, akakiweka kwenye kisanduku cha plastiki, akafunga kifuniko kama alivyofunga vya watu wengine miaka yote, akatoa funguo mfukoni, na shemeji akamkuta koridoni akielekea kwenye maegesho.

"Unakwenda wapi na hicho?"

Breki, asiyeweza kusema, alionyesha kwa mkono: mbali, kule, Ng'ambo.

Shemeji akamgeuza kwa mabega. "Mlango wa tatu. Kushoto."

Akasimama mbele ya mlango wenye zile herufi zisizosomeka mpaka mwisho. Daktari kijana wa darubini akafungua, akapokea kisanduku, akasema, "Asante, mzee. Njoo kabla wiki haijaisha." Basi. Hapakuwa na daraja, hapakuwa na fisi. Breki alibaki pale koridoni akiwa na funguo za gari mkononi, na kwa mara ya kwanza ile sera ikamwingia akilini, iliyokuwa imemkosa redioni, ukutani na kwenye malori ya mchanga: barabara yote ile ya kutwa nzima ilikuwa imefupishwa ikawa milango mitatu.

Wiki haikuisha, majibu yakatoka. Mgeni alikuwepo kweli, na daktari alimtaja kwa jina lake, saratani, mara mbili, bila kupunguza sauti. Kisha akasema mengine: ni changa, haijatembea, haihitaji hata kile chumba cha kuta nene. Bingwa wa upasuaji alikuwa anakuja kwa zamu yake mwezi uleule.

"Na bima?" aliuliza Mama Pacha, aliyekuwa amejiandaa kuuliza hilo tangu getini na alikuwa amekunja mikono tayari kwa ugomvi.

"Inalipa, mama."

"Yote?"

"Yote."

Mama Pacha alikaa na mikono yake iliyokunjwa, hana pa kuipeleka. Mwishowe akaitumia kumshika mumewe.

Bingwa alikuja, akapasua, akaondoa kidonda pamoja na nyama ya kukizunguka, akatoa na tezi kadhaa za shingoni kwa usalama. Breki alizinduka kwenye wodi ambayo dirisha lake lilitazama maegesho, mahali pazuri pa kuona wengine wakiendesha vibaya. Aliamriwa asiseme neno mpaka aruhusiwe.

Habari hiyo ilipokelewa na ukoo kwa furaha isiyofichika. Watu walikuja kumtazama kwa wingi, kwa kuwa walikuwa na mengi ya kumwambia na kwa mara ya kwanza angeyasikia hadi mwisho. Shemeji alimweleza maoni yake kuhusu mahari. Pacha walipiga simu, wakawekwa kwenye spika, wakaungama makosa ya utotoni, yakiwemo mawili ambayo Breki alikuwa amemchapia mtoto wa jirani. Mama Pacha alivuta kiti kila jioni na flaski ya uji uliopoa.

"Tulikuwa wapi?" alisema. "Ee. Mwaka ule wa harusi nilianza kukueleza jambo ukanikatiza. Sasa nisikilize."

Breki alisikiliza. Hakuwa na namna. Aligundua kuwa mkewe alikuwa msimuliaji bora kuliko yeye, na alishukuru kuwa hakuna anayemtaka aliseme hilo kwa sauti.

Majibu ya upasuaji yalitoka mlango uleule wa tatu. Nyama iliyoondolewa ilikuwa na kingo safi. Tezi hazikuwa na kitu. Atakuwa akirudi kuangaliwa, na sigara imekwisha, alisema daktari, kwa sauti ya mtu asiyefungua mjadala. Kazi pia ilikuwa ikimsubiri: gari lilelile la rufaa lilikuwa limepangiwa kumchukua shemeji na vifaa vyake kuwapeleka kwenye vituo vya afya vijijini, kuwaangalia watu kabla hawajaanza kuumwa. Hakuna kulala njiani. Breki alipoelezwa, alionyesha kwa mguu, akiukanyaga hewani, kuwa breki zake ziangaliwe kwanza.

Siku aliporuhusiwa kusema alikuwa nyumbani. Walikuja wote: shemeji na tochi yake endapo itahitajika, pacha wawili walioomba ruhusa kazini, Mwalimu aliyekuwa amerejea kutoka Ng'ambo na cheti chake cha kuambiwa asirudi tena, hata seremala. Sebule ikajaa. Mama Pacha alileta supu ya vuguvugu, akamwekea mumewe mbele, akafuta mikono kwenye kanga, akasimama. Mtu aliyekaa kimya kiasi kile, aliyemwona yule mgeni uso kwa uso akarudi, lazima atakuwa na neno.

Breki alikunywa kijiko kimoja. Akameza taratibu, shingo imenyooka. Akawatazama wote, mmoja mmoja, macho yanang'aa. Ulimi ukajigeuza mdomoni, mzito kidogo, ukajipanga.

"Hii thupu," alisema, "haina chumvi."

Kisha Mama Pacha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtiririka, akakaa chini palepale kwenye mkeka, huku akimwambia mdogo wake kati ya kwikwi moja na nyingine, "Mfungeni mdomo tena! Jamani, hebu mfungeni tena!"

Na seremala akanyoosha mkono, akamsogezea Breki chumvi.